Saa 48 kabla ya kuweka zawadi kwenye swali lako

Kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, na tovuti nyingine za mtandao wake wa Stack Exchange, swali jipya haliwekewi zawadi (bounty), yaani pointi zako mwenyewe za sifa unazotoa ili kuvutia majibu. Hata uwe na pointi elfu kumi, utasubiri hadi swali litimize saa 48. Wengi huzipitisha saa hizo wamekaa tu wakingoja, kisha wanaweka pointi juu ya swali lile lile ambalo watu walishalipita. Pointi hukatwa papo hapo unapoanzisha zawadi, na hazirudi hata kama hakuna aliyejibu.

Kuna sababu mbili kubwa za kusubirishwa. Swali linaloeleweka, likiwa kwenye mada yenye watu wengi, mara nyingi hujibiwa mapema na bure, kwa hiyo hakuna haja ya kulilipia. Sababu ya pili wengi hawaijui: swali lenye zawadi halifungwi (yaani kuzuiwa lisipokee majibu mapya) kwa kura za wanachama wa kawaida. Bila siku hizo mbili za mwanzo, mtu angeweza kuandika swali bovu na kulinunulia kinga kwa pointi 50.

Tumia saa hizo kulisafisha swali. Kaa karibu nalo kwa muda baada ya kulituma, maana maoni ya kwanza karibu yote huwa ni watu wanaotaka ufafanuzi. Usiwajibu kwenye maoni pekee. Hariri swali lenyewe, kwa kuwa anayekuja baadaye hasomi maoni kumi na mawili. Ulipoandika "programu inakataa nikipakia faili", weka ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, taja toleo la lugha ya programu na la maktaba ya msimbo unayotumia, kisha punguza msimbo wa mistari 300 hadi 20 inayotosha kuleta hitilafu ile ile kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Hii kazi ya kupunguza inachosha, lakini mara nyingi ndiyo inayokuonyesha kosa lilipo kabla hujatoa hata pointi moja. Andika pia ulichojaribu na kilichotokea. Angalia na lebo, yale maneno ya mada yanayobandikwa kwenye swali: nafasi ni tano, na moja lazima iwe ile kuu ya lugha au teknolojia yenyewe. Ukiweka ya toleo peke yake, wataalamu wanaofuatilia lebo kuu hawataliona swali lako.

Uhariri hulirudisha swali juu kwenye orodha ya yaliyoguswa karibuni. Usiugeuze ujanja wa kubadilisha nukta kila saa, watu wanaona.

Saa 48 zikiisha na hakuna jibu, piga hesabu. Unahitaji angalau pointi 75 ili kuanzisha zawadi, na dau ni kuanzia 50 hadi 500, likipanda kwa hatua za 50. Mwenye 75 akitoa 50 anabaki na 25, na hapo hawezi tena kutoa maoni kwenye maswali ya wengine, kwani hilo linahitaji 50. Kwenye swali lake mwenyewe na majibu yake bado anaruhusiwa. Kama umeshajibu swali hilo wewe mwenyewe, dau la chini ni 100.

Kwa mtaalamu mwenye pointi nyingi, 50 ni sawa na kura tano za jibu. Hazimtoi usingizini. Unachonunua hasa ni nafasi kwenye orodha ya maswali yenye zawadi, kwa hiyo 50 zinatosha kwa swali lililopitwa tu bila kuonekana. Linalomtaka mtu afanye majaribio kwa saa nzima linastahili 100 au zaidi. Usianze na dau kubwa kwa pupa: ukirudia zawadi kwenye swali hilo hilo, lazima uongeze mara mbili, kwa hiyo aliyeanza na 200 atatakiwa kutoa 400.

Zawadi hudumu siku 7, kisha kuna saa 24 za nyongeza za kuamua. Ianzishe siku ambayo mwisho wake utakukuta na nafasi ya kusoma majibu. Na kuna kusubiri kwingine: huwezi kumkabidhi mtu zawadi kabla ya saa 24 kupita tangu uianzishe. Hata jibu zuri likija mapema, ningeshauri usubiri hadi karibu na mwisho, maana zawadi ikishatolewa swali linatoka kwenye ile orodha.

Kulikubali jibu (kuliwekea alama kuwa ndilo lililokusaidia) na kulipa zawadi ni vitendo viwili tofauti. Ukipitisha muda bila kuchagua, jibu lenye kura nyingi zaidi kati ya yaliyokuja baada ya zawadi kuanza, likiwa na alama 2 au zaidi (kura za kuunga mkono ukitoa za kupinga), hupewa nusu ya dau. Swali likiwa lako na umekubali jibu lililokuja ndani ya muda huo, linapata zote.

Majibu ya zamani hayaingii kwenye mgao huo wa moja kwa moja. Kwa hiyo ukiweka zawadi ili kumtuza aliyekwisha kukujibu vizuri, weka kikumbusho kwenye simu cha kesho yake, saa ile ile uliyoianzisha. Ukisahau, yeye hapati kitu na wewe pointi zako zimeshakwenda.