Chora Mstatili Kwanza: Ushauri kwa Anayesoma Mgawanyo Sare

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoniletea madaftari ya takwimu hapa Dodoma huwa na tabia moja: wakiona swali la mgawanyo sare endelevu, yaani ule ambao vipande vyote vyenye upana sawa kati ya mipaka miwili vina uwezekano sawa, wanakimbilia intigrali, ile hesabu ya kutafuta eneo chini ya mchoro. Nami huwaambia waiweke kando kwanza, wachore mstatili.

Chukua daladala za kwenda Jamatini. Tuseme zinapita kituoni kila baada ya dakika 20 kamili, nawe umefika bila kuangalia saa. Muda wako wa kusubiri ni wowote kati ya 0 na 20, na hakuna dakika inayopendelewa. Chora mstari wa kitako kutoka 0 hadi 20. Eneo ndilo uwezekano, na eneo lote lazima liwe 1, kwa hiyo kimo cha mstatili ni 1/20. Uwezekano wa kusubiri kati ya dakika 5 na 12 ni upana wa 7 mara kimo hicho, yaani 0.35. Wastani uko katikati, dakika 10. Kwa herufi, kutoka a hadi b, kimo ni 1/(b − a) na wastani ni (a + b)/2.

Variansi, kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni (b − a)²/12, na ile 12 wengi huikariri tu. Itafute mwenyewe, hata mara moja! Kati ya 0 na 1, wastani wa x² ni 1/3. Toa mraba wa wastani, 1/4, inabaki 1/12; upana ukiwa b − a, zidisha kwa mraba wake. Kuipata ile 1/3 ndipo intigrali ina kazi.

Usiogope pia kimo kikizidi 1. Mgawanyo wa kutoka 0 hadi 0.5 una kimo cha 2, na hakuna kosa, kwa sababu uwezekano ni eneo, si kimo. Ndiyo maana uwezekano wa kusubiri dakika 7 kamili, bila kuzidi wala kupungua hata chembe, ni 0: mstari hauna upana.

Hesabu hizo ni nyepesi. Kinachonisumbua zaidi ni jinsi watu wanavyoamua kwamba jambo fulani ni sare. Daladala zetu husubiri abiria wajae. Zikipishana kwa dakika 10, kisha 30, kisha 10, kisha 30, wastani wa pengo bado ni 20. Lakini anayefika bila mpango ataangukia pengo refu kwa uwezekano wa 3/4 (dakika 30 kati ya kila 40), ambako atasubiri wastani wa dakika 15. Kwenye pengo fupi ni dakika 5. Wastani wa jumla, 3/4 ya 15 na 1/4 ya 5, unakuja 12.5, si 10.

Wengine husema, "Sina taarifa yoyote, basi nachukulia ni sare." Jihadhari sana na hoja hii. Tuseme kiwanja ni cha mraba, na unajua tu kwamba upande wake ni kati ya mita 10 na 20. Ukiufanya upande kuwa sare, nusu ya uwezekano inaishia mita 15, yaani eneo la mita za mraba 225. Ukilifanya eneo kuwa sare kati ya 100 na 400, nusu inaishia 250. Kiwanja ni kilekile, kutojua ni kulekule, ila majibu mawili. Kwa hiyo andika wazi ni kipi umekifanya sare, na kwa nini.

Ndivyo ilivyo hata kwa mvua. Msimu wetu ni mmoja, na mkulima yeyote wa uwele au mtama atakuambia kwamba siku za mvua kuanza hazilingani uwezekano kuanzia Novemba hadi Januari. Tafuta rekodi za miaka mingi, chora histogramu, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha kila kipindi kimetokea mara ngapi. Nguzo zikikaribia kulingana vimo, tumia mstatili wako. Zikirundikana sehemu moja, tafuta mgawanyo mwingine kabla hujaanza kukokotoa.