Punguzo lililoyeyuka na ada iliyozuka: jinsi nilivyodai fedha zangu kwa duka la mtandaoni

Mleta mada, umetueleza kwamba ulinunua cherehani kwenye duka la mtandaoni baada ya kuahidiwa punguzo la asilimia 15, ukalipa kwa M-Pesa, kisha ukaona umekatwa bei kamili pamoja na kitu kinachoitwa "ada ya huduma", na sasa mhudumu anakwambia kwamba ofa ilikuwa imekwisha ulipolipa. Unauliza kama urudishe mashine au unyamaze. Yalinifika ya namna hiyo hapa Nairobi nilipomnunulia mama friji, na kwa kuwa hatimaye nilirejeshewa fedha zote, nitaeleza kilichosaidia na kisichosaidia.

Duka lenyewe sitalitaja. Friji ilikuwa ya shilingi 42,000, na tangazo lilisema kila anayelipa kwa kadi atapata punguzo la asilimia 20. Ukurasa wa malipo ulionyesha wazi kwamba shilingi 8,400 zimeondolewa, nauli ya kuleta mzigo ni 900, na jumla ni 34,500. Nililipa, lakini barua pepe ya uthibitisho na ujumbe wa benki vilionyesha 39,900, kwa maelezo kwamba punguzo lilikuwa na kikomo cha shilingi 3,000. Siku ya kuletewa friji, kijana aliyeileta alidai 1,200 nyingine kwa ajili ya "mzigo mzito" kabla hajaishusha kwenye gari. Kwa hiyo nilikuwa na malalamiko ya shilingi 6,600, na hapo ndipo penye ushauri wangu mkubwa: hayo yalikuwa madai mawili, wala si moja, na niliyaandika kama madai mawili tangu barua ya kwanza.

Sababu yake ni kwamba kila dai lina swali lake. Kwa ada iliyozuka, swali ni moja tu: je, mteja aliambiwa kuhusu ada hiyo kabla ya kulipa? Kwa punguzo, swali ni lipi hasa liliahidiwa, kwa maneno gani, na mpaka lini. Ukiyachanganya katika malalamiko mamoja yaliyojaa hasira, mhudumu atajibu lile lililo jepesi kwake, kisha atafunga faili na kukutumia ujumbe wa kukuomba utathmini huduma aliyokupa kwa nyota tano.

Nianze na ada, kwa maana ndiyo nyepesi zaidi kuidai. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, inasema mtumiaji ana haki ya kujulishwa ada zote za huduma, ziitwe kwa jina lolote, na kwamba halazimiki kulipa ada ambayo hakujulishwa kabla ya kupewa huduma hiyo. Maneno hayo "ziitwe kwa jina lolote" yana uzito, kwa sababu maduka haya hayaishiwi majina: ada ya huduma, ada ya kushughulikia, ada ya kufungasha, ada ya mzigo mzito. Mimi si wakili, lakini kumpelekea mtu mzigo ni huduma kwa tafsiri yoyote ile, na niliwaandikia hivyo. Kijana wa gari nilimlipa, kwani sikuona maana ya kubishana naye barabarani juu ya jambo ambalo hakulipanga yeye, ila nilimwomba kwanza anipe namba ya tili ya kampuni badala ya namba yake binafsi, na papo hapo nikaliandikia duka kwamba nimelipa huku nikipinga. Kisha nikaomba ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, inayoonyesha zile 1,200 katika mstari wake. Ombi hilo la ankara lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Ada ambayo kampuni haiko tayari kuiandika kwenye ankara inayofika Mamlaka ya Mapato ni ada ambayo kampuni yenyewe inajua haina msingi, na fedha hizo zilirudi kwenye simu yangu bila mjadala mrefu.

Punguzo ndilo lililonisumbua. Hoja yao ilikuwa kwamba kikomo cha 3,000 kimeandikwa kwenye ukurasa wa masharti. Ni kweli kiliandikwa, chini kabisa, mahali ambapo hakuna kiungo chochote cha kukupeleka kutoka kwenye tangazo. Sikubishana kuhusu masharti hayo hata kidogo. Nilishikilia jambo moja: ukurasa wa malipo, ambao ndio nilioukubali, ulionyesha 34,500, na nilikuwa na picha ya skrini yenye saa na tarehe. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi ya mikataba inayofanyika kwa intaneti, inayomtaka muuzaji kumweka wazi mteja kabla ya kukubaliana na kumpa nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai kwamba kuna nafuu ya bei ilhali haipo. Kifungu cha 55 cha ile Sheria ya Ushindani nacho kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei. Nilivitaja kwa ufupi, aya moja tu, kwa sababu barua iliyojaa vifungu humfanya msomaji aipeleke kwa mawakili na hapo inalala.

Kwa kuwa nililipa kwa kadi, nilikwenda pia benki nikajaza fomu ya kupinga muamala. Utaratibu huo wa kadi za Visa na Mastercard una muda wake, kwa kawaida siku 120, na benki hukuuliza kwanza kama umejaribu kumalizana na muuzaji, kwa hiyo barua zako kwa duka ndizo ushahidi wako benki. Sikupinga muamala wote, kwa maana friji nilikuwa nayo na inafanya kazi. Nilipinga 5,400 tu, yaani tofauti kati ya kiasi nilichokubali na kiasi nilichokatwa. Anayepinga bei yote ilhali bidhaa iko jikoni kwake hujiharibia dai lililo halali.

Kabla benki haijamaliza, duka lilinipa vocha ya 5,400 ya kununulia kwao, yenye tarehe ya kuisha. Niliikataa kwa maandishi, nikasema nilikatwa fedha na ninadai fedha. Mara nyingi vocha ikishatumika huhesabiwa kwamba suala limekwisha, na mtu hana la kuwaambia tena. Hapo ndipo nilipoandika barua ya mwisho, nikawapa nafasi ya kulipa kabla sijapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani na dai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Sikufika huko. Fedha zilirejeshwa kwenye kadi, na barua yao haikuwa na neno la kuomba radhi.

Sasa turudi kwako, kwa sababu umelipa kwa M-Pesa na hali yako ni tofauti kidogo. Kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 ni njia ya fedha zilizokwenda pasipostahili, wala haikutungwa kwa ajili ya kugombania bei na muuzaji, kwa hiyo usiitegemee. Jambo jingine ni kwamba ombi la malipo linapotokea kwenye simu huonyesha kiasi kabla ya kuingiza PIN, na duka litasema uliona na ukakubali. Jibu lake ni kwamba kukubali kulipa hakufuti ahadi iliyokuvuta ununue, mradi unaweza kuonyesha ahadi yenyewe.

Lakini M-Pesa imekupa kitu ambacho mimi sikuwa nacho kwa urahisi huo: ujumbe wenye tarehe na saa mpaka dakika. Wanadai ofa ilikwisha. Waandikie waonyeshe ni wapi kwenye tangazo paliandikwa saa ya mwisho, kisha weka pembeni yake saa ya malipo yako. Kama tangazo lilitaja siku tu, siku hiyo haikwishi mpaka saa sita usiku. Kama halikutaja mwisho wowote na lilikuwa bado linaonekana ulipolipa, hoja yao haina pa kusimama. Kama bado lipo mtandaoni, lipige picha leo, pamoja na mazungumzo yako yote na mhudumu, maana dirisha la mazungumzo likishafungwa mara nyingi hulipati tena. Akikupigia simu, msikilize, halafu mwandikie barua pepe siku hiyo hiyo ukieleza mlichozungumza na umwombe akusahihishe kama umekosea.

Kwa upande wa "ada ya huduma", andika sentensi kama hizi na usiongeze mengi: "Tarehe fulani nililipa kiasi fulani kwa muamala namba fulani. Kiasi hicho kina ada ya shilingi kadhaa ambayo haikuonyeshwa kwenye tangazo wala kwenye kapu kabla sijalipa. Naomba irejeshwe kwa namba niliyolipia, na naomba ankara ya eTIMS inayoonyesha ada hiyo." Dai la punguzo liende katika barua yake.

Kuhusu kurudisha cherehani, ningekuwa wewe nisingeirudisha sasa, kama inashona vizuri na bado unaihitaji. Ukiirudisha, duka litasema mauzo yamefutwa na hivyo hakuna punguzo la kuzungumziwa, na huenda wakakata nauli ya kuileta na ya kuirudisha kwenye fedha watakazokurejeshea. Ila soma masharti yao ya urejeshaji ujue siku zinaisha lini, na kama zinakaribia kuisha kabla hawajakujibu, waandikie kwamba unahifadhi haki yako ya kuirudisha mpaka dai lako litakapoamuliwa.