Mmea wa nyoka unalainika shinani: acha maji kwanza

Pole. Umesema mmea wako wa nyoka, ule mfupi wenye majani yaliyopangana kama kiota, unageuka njano na kulainika shinani, nawe unaumwagilia kila baada ya siku mbili. Karibu nina hakika ni maji. Wangu wa kwanza ulikufa hivyohivyo: kila jani lililolegea nilidhani ni kiu, nikaongeza.

Utoe kwenye chungu leo. Mizizi mizima ni migumu. Iliyooza ni myeusi, inabonyea na inanuka. Kata yote iliyooza kwa kisu safi, uache mmea mahali pakavu siku mbili tatu ili vidonda vikauke, kisha upande kwenye udongo wenye mchanga mwingi wa chembe kubwa. Chungu kiwe na matundu, na kisiwe kikubwa, maana udongo wa ziada hukaa na maji. Usimwagilie wiki nzima.

Baada ya hapo, chomeka kijiti hadi chini. Kikitoka na unyevu, subiri. Mara nyingi ni wiki mbili hadi nne, zaidi wakati wa baridi. Mwagilia udongo, si katikati ya majani: aina hii fupi hukusanya maji pale kama kikombe na kuozea hapohapo.

Mwanga hafifu inauvumilia, ila karibu na dirisha itastawi zaidi.

Shina likiwa limeoza lote, kata jani lenye afya, likauke, ulipande.

Una paka au mbwa? Weka chungu mbali naye. Mmea una saponini, kemikali yenye sumu kwao; akiutafuna anaweza kutapika au kuharisha, na hapo mpigie daktari wa mifugo.