Re: Kumodeli jeni zinazosambaza kansa kwa laptopu ya kawaida, nilichopitia mimi

Mkuu umeuliza kama mtu wa kompyuta ambaye biolojia aliiacha fomu foo anaweza kweli kutengeneza modeli ya jeni zinazofanya kansa isambae, au ni mambo ya wenye maabara kubwa tu. Inawezekana aisee, mimi nimeifanya wakati wa masta kwa laptopu ya RAM giga 4 ambayo betri ilishakufa zamani, umeme ukikatika na kazi imekatika. Ila ngoja nikupe ilivyonichezesha, maana nilipoangukia mimi na wewe utapita hapohapo.

Kwanza ujue unamodeli nini, wengi wanarukia kodi (sio ya TRA) hata hawajajua seli inafanyaje. Kansa nyingi, za titi, za utumbo, za mapafu, zinaanzia kwenye seli za epitheli, zile zinazofunika viungo kwa ndani na nje. Hizo zimeshikana na jirani zake kwa protini inaitwa E-kadherini na hazina safari yoyote. Ili seli itoke hapo iingie kwenye damu, mara nyingi inalegeza huo mshiko, inarefuka, inaanza kutambaa, na hali hiyo ya pili ndio inaitwa mesenkaima. Sasa anayeamua seli ikae hali gani ni kundi la jeni zinazowashana na kuzimana. SNAIL na ZEB1 zikiwaka zinaizima E-kadherini. Halafu kuna vijipande vya RNA (nakala fupi zinazotokana na jeni) vinaitwa miR-200, hivyo vinaibana ZEB1, na ZEB1 nayo inavizima hivyohivyo, yaani kila mmoja kamkaba mwenzake koo. Hilo lilionyeshwa maabara mwaka 2008 na ndio moyo wa modeli nyingi utakazokutana nazo.

Mimi nilianza na hizo mbili tu, mtindo wa Buliani, jeni ni 1 imewaka au 0 imezima, wazo la kuchora mitandao ya jeni hivyo mwanabiolojia Stuart Kauffman alilileta 1969. Kanuni zangu: ZEB1 inawaka kama miR-200 imezima, miR-200 inawaka kama ZEB1 imezima, mistari kumi ya Python imeisha. Nikaanzia 1,1, yaani ZEB1 kwanza, miR-200 ya pili, zote zimewaka. Hatua inayofuata 0,0. Inayofuata 1,1. Tena 0,0. Daah nilijua nimegundua kitu, seli ya kansa inapepesa kama indiketa ya bajaji, inashika inaachia inashika inaachia, nikaandika kurasa sita usiku uleule nikampelekea msimamizi wangu. Akaangalia dakika mbili tu akaniuliza, "Kijana, nani anazipigia filimbi hizi jeni ziruke pamoja?"

Kumbe shida nilikuwa nazibadilisha zote mbili kwa mkupuo mmoja, na ndani ya seli hakuna refa. Ukibadilisha moja kwanza, yoyote itakayotangulia, kutoka 1,1 unaangukia 1,0 au 0,1 na ukifika hapo unatulia, moja ni mesenkaima nyingine ni epitheli, hakuna cha kupepesa. Kurasa sita zikaenda na maji. Mpaka leo nikiona modeli inazungukazunguka naangalia kwanza hapo kabla sijamwambia mtu.

Baada ya hapo nikaongeza SNAIL ya kuisukuma ZEB1 na kuizima miR-200, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanahangaika na hizi modeli. Washa SNAIL, seli inageuka mesenkaima, sawa. Sasa izime SNAIL. Seli hairudi! ZEB1 tayari imeshaikalia miR-200 kwa hiyo inabaki imewaka yenyewe. Sio kitufe cha kengele ya getini ambacho ukiachia kimenyamaza, ni swichi ya taa ukutani, mkono ukiondoka taa inabaki. Jeni tatu tu na tayari seli ina kumbukumbu.

Kinachokosekana kwa 0 na 1 ni hali ya katikati. Mwaka 2013 kundi la Rice University kule Houston (Lu, Jolly, Levine na wenzao) walitumia hesabu za difrensho (zinazofuata kiwango kinavyopanda na kushuka kidogokidogo, sio 0 na 1) wakaonyesha ZEB na miR-200 wanaweza kutulia nusu kwa nusu, seli inatembea huku bado imemshika mwenzake. Mwaka huohuo Tian, Zhang na Xing nao wakatoa modeli yenye jeni zilezile karibu zote, ila wao wakaielezea hiyo ya katikati tofauti, kwamba ni swichi mbili zinazofuatana, ya SNAIL inarudi nyuma na ya ZEB ndio imekula jumla. Jeni zilezile, hadithi mbili. Na hiyo katikati sio ya kupuuza, mwaka 2014 Aceto na wenzake walionyesha kwenye panya kwamba seli za kansa zikisafiri kwenye damu kwa mafungu zinaweza kuotesha uvimbe mpya mara 23 mpaka 50 zaidi kuliko seli iliyo peke yake.

Ukitaka kuona modeli kubwa iliyofika mbali tafuta ya Institut Curie, Paris, ya Cohen na wenzake 2015. Ina vipengele 32, kila kimoja 0 au 1, yaani hali zinazowezekana ni zaidi ya bilioni 4, huwezi kuzipitia moja moja ndio maana wanatumia programu ya MaBoSS inayorusha bahati nasibu mara nyingi. Ikawapa kwamba ukipoteza p53 (jeni inayozuia kansa) na wakati huohuo Notch (njia ya seli kupeana ishara) ikawashwa, kansa inasafiri, na panya waliotengenezwa hivyo utumboni (kazi ya 2014, hapohapo Curie) kweli kansa yao ilisambaa.

Mtego mwingine ni data. Za TCGA, hazina ya data za jeni za kansa ya Marekani, ni bure, utazishusha utaona ZEB1 iko juu kwenye sampuli fulani utashangilia, lakini kile kinyama kilichosagwa hakina seli za kansa peke yake, kina faibroblasti (seli za kawaida za tishu unganishi) kibao na zenyewe kwa asili yao zina ZEB1. Hapo mimi nilipoteza mwezi mzima. Kama unaweza pata data za seli moja moja.

Na mshale, mkuu, yaani ule mstari wa kuonyesha jeni gani inaiwasha au kuizima ipi, mmoja ukiugeuza alama kutoka kuwasha kuwa kuzima modeli bado itakimbia vizuri tu na grafu zitapendeza, haikwambii kitu. Mimi kila mshale nauandikia pembeni nimeutoa kwenye jaribio gani na seli za nini, daftari la kawaida la msuli, sio eksel.

Anza na zile tatu, tumia GINsim (programu ya kuchora mitandao hii bila kuandika kodi) kama kodi inakutisha, na usiongeze ya nne kabla hujazichora hali zote nane kwa mkono. Ile mistari kumi nitaiweka hapa nikifika home, na yenye kosa langu naweka pia.