Nirekodi vipi kaseti za marehemu baba kutoka kwenye amplifaya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Majengo, Moshi. Marehemu baba alituachia amplifaya, deki ya kaseti, gramafoni na kaseti za kwaya aliyokuwa akiimba. Nataka kuziingiza kwenye laptopu. Nilichukua waya wa spika nikauchomeka tundu la maikrofoni; sauti inakwaruza. Gramafoni niliichomeka AUX, inasikika kwa mbali mno. Nikibonyeza TAPE MONITOR, kimya kabisa. Je, amplifaya imekufa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa. Amplifaya ni nzima, ila huo waya wa spika uchomoe leo hii. Umeme wa spika ni wa kusukuma koni. Ukiongeza sauti unaweza kupita volti 10, wakati tundu la maikrofoni linategemea milivolti chache tu. Unaweza kuunguza laptopu.

Sasa geuza amplifaya uangalie nyuma. TAPE ina jozi mbili za matundu. REC inatoa sauti kwenda kurekodiwa, kwa hiyo iunganishe na LINE IN ya deki. PLAY inapokea sauti ya deki, nayo iunganishe na LINE OUT. TAPE MONITOR kazi yake ni kuifanya amplifaya isikilize deki peke yake. Kama deki haijaunganishwa, utasikia nini?

Mafundi wengi wanateleza hapa: kwa kawaida REC haitoi sauti ya deki hiyohiyo, maana ingejizungusha na kupiga mluzi. Kwa hiyo kaseti usizirekodi kupitia amplifaya. Toa waya LINE OUT ya deki moja kwa moja hadi kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB yenye LINE IN, ndipo uingie kwenye laptopu. Ukiona kipimo cha sauti kwenye laptopu kinagonga sifuri, yaani kikomo chake cha juu, punguza.

Santuri ndizo zinazopitia REC, kisha kwenye hiyo kadi ya USB. Sindano ya gramafoni za kawaida hutoa milivolti 5 hivi, ndiyo maana AUX haiisikii. Ichomeke PHONO, tundu la gramafoni: pale sauti inakuzwa kama mara 100, na besi iliyopunguzwa wakati wa kuchonga santuri inarudishwa. Ule waya mwembamba wa gramafoni ufunge kwenye skrubu ya GND, la sivyo utasikia mvumo wa umeme. Kitasa cha sauti hakigusi REC, hivyo unaweza kurekodi usiku spika zikiwa chini.

Anza na kaseti, nakuomba. Santuri huenda ukaipata kwa mtu mwingine, lakini sauti ya baba yako ipo kwenye kaseti hizo tu. Safisha hedi za deki, yaani vichwa vinavyosoma utepe, kwa pamba na spiriti, ziache zikauke, kisha peleka kila kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe kabla ya kurekodi. Na kabla hujaiingiza kwenye deki, vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwake, ili hata ukikosea kitufe isifutike.