Kabla hujaandika kwamba mkesha anaongezeka

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa grafu mbili za idadi ya ndege aitwaye mkesha wa msituni, Hylocichla mustelina, zote mstari unapanda. Zote zimekosewa palepale nilipokosea mimi.

1. Kabla ya mwaka, kabla ya jumla ya ndege, angalia namba inayomtambulisha mhesabuji.

Msimu wangu wa pili hapa Marekani nilikabidhiwa takwimu za njia moja ya sensa ya ndege wa Amerika Kaskazini, ile ya kila mwaka ambapo mhesabuji husimama kando ya barabara na kuandika ndege anaowasikia na kuwaona. Vituo 50, dakika 3 kila kituo, mnajua. Mzee aliyeihesabu miaka mingi alikuwa amestaafu, akaingia binti mgeni. Nikaona takwimu za mzee ni za zamani mno, nikazikata, nikaanzia mwaka wa kwanza wa binti. Mstari ukapanda vizuri. Sikujiuliza kwa nini. Mhesabuji mpya mwaka wa kwanza huwapitia ndege wengi bila kuwatambua. Mwaka wa pili masikio yamezoea, hesabu inapanda. Nilichokichora ni binti akijifunza kazi.

Nikasimama mbele ya wenye misitu nikawaambia mikesha wanarudi. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili; marehemu baba yake alikuwa akimtoa nje jioni wamsikilize ndege huyu. Mwaka uliofuata nikarudisha takwimu zote, nikamweka mhesabuji kwenye modeli na kuupa mwaka wake wa kwanza kigezo chake, ili ugeni wake usionekane kama ongezeko la ndege. Mstari ukashuka, kama idadi ya ndege huyu ilivyoshuka kwa takriban nusu tangu sensa ianze 1966. Nilikwenda kwa yule mzee mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mimi hapa nilikuwa namsikia mmoja tu. Nikaamini wewe unajua zaidi."

Sijapata usingizi mzuri juma lile.

2. Sifuri ni takwimu. Iandike.

3. Njia moja haisemi lolote kuhusu bara zima.

4. Tunahesabu kando ya barabara, na mkesha ni ndege wa ndani ya msitu. Liseme hilo kwenye ripoti.

5. Mmoja wenu ameandika "sababu: tabianchi", akaweka nukta. Jamani! Msitu uliokatwakatwa humfungulia mlango ndege Molothrus ater, anayetaga kwenye viota vya ndege wa aina nyingine. Mvua ya tindikali hupunguza kalisi (kalsiamu) ya udongo, nayo ndiyo inayojenga maganda ya mayai. Na huyu ndege majira ya baridi hayupo hapa kabisa, yuko kati ya kusini mwa Meksiko na Panama, ambako misitu nayo inafyekwa. Mwenzetu aliyekulia huko aliwahi kuniambia kwao wanamjua kama ndege mnyamavu wa chini ya miti. Alipomsikia akiimba hapa mwezi Juni, alisimama kituo kizima bila kuandika kitu, tukalazimika kukifuta. Sikumgombeza.

Grafu zenu ziko mezani kwangu. Njooni asubuhi, tuanze na safu ya mhesabuji.