Heka moja ya nyanya kiangazi, Arumeru: muulize shemeji zamu ya maji kwanza

Mkuu, umeandika kwamba wakwe zako wa Tengeru wamekupa heka moja kando ya mfereji, mke yuko tayari, na unataka kuhama Dar mwezi wa kwanza upande nyanya heka yote. Mimi nimezaliwa kwenye bustani ya mboga huku huku Arumeru na bado tunalima pamoja, wazazi, kaka zangu na wake zetu, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyaona.

Heka haikuambii utalima kiasi gani. Kinachokuambia ni zamu ya maji. Vuli ikishakatika Desemba, mpaka masika ya mwezi wa tatu tunaishi kwa mfereji, na vuli ikiwa ya kusuasua, Februari unaukuta mfereji umebaki kamkondo tu. Kamati ya maji inagawa zamu, na zamu ikikuangukia saa saba usiku ndiyo hiyo hiyo. Unatoka na tochi, jembe na gamubuti, unaufuata mfereji kwenda juu, na kila penye mchepuko unamwacha mtu wa nyumbani akae pale. Usipomwacha, ukirudi shambani unakuta maji yamekata, kuna jirani amefungulia kwake. Asubuhi mnagombana, jioni mnakutana msibani mnasalimiana. Faini zipo, ila kwa usiku ule nyanya zako hazikunywa.

Ndiyo maana shamba hili ni la familia kwelikweli. Desemba watoto wapo likizo, kulinda mfereji ni kazi yao na wanaipenda maana hawalali. Shule zikifunguliwa Januari wanaondoka, jua ndiyo linaanza kuwaka, na mzigo unabaki kwa watu wazima. Na usisahau ada na sare zinadaiwa mwezi huo huo.

Sasa nyanya. Ukihamisha miche Januari, unaanza kuchuma karibu na Aprili, baada ya siku 75 hadi 90 kutegemea mbegu. Maana yake mmea mmoja unapitia mateso mawili: utoto wake kwenye joto, uzazi wake kwenye mvua na ukungu. Kwenye joto kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini miaka ya 2010 akitokea mbali, asili yake Amerika Kusini. Kiwavi wake anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa ya juu juu haimfikii, na joto likizidi vizazi vyake vinafuatana haraka zaidi. Kuna utitiri chini ya majani. Kuna inzi weupe wanaoleta ugonjwa wa rasta, mche unajikunja na kudumaa. Huo ng'oa, usiubembeleze. Halafu maji yakija leo na kukosekana wiki nzima, matunda yanaoza kitako. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa, kumbe tatizo ni ile zamu iliyoruka.

Kwetu kinacholisha nyumba kiangazi ni majani ya mama: mchicha, chainizi, mnafu, na ngogwe (nyanya chungu) pembeni. Mchicha wiki tatu nne unavuna, hauhitaji heka, na Februari sehemu zisizo na mfereji zimekauka kwa hiyo bei inapanda. Kazi yake ni ya alfajiri. Ukikata mchicha saa nne asubuhi umeshalegea kabla haujafika sokoni; mama na wake zetu wanakata kukiwa bado giza, wanafunga mafungu, wanafunika kwa gunia bichi, na Jumatano na Jumamosi wanakuwa soko la Tengeru mapema. Hela yake ni ndogo ndogo lakini inaingia kila wiki, na ni ya kina mama. Baba aliwahi kutaka kuipangia matumizi, kikao kikawa kifupi sana.

Nyanya hela yake inakuja kwa mkupuo, ikija. Dalali anafika shambani, anataka tenga lijazwe mpaka liote kichwa, na wewe nyanya zimeiva, huna pa kuziweka. Hapo bei anapanga nani? Usipande zote wiki moja.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe, robo heka ya nyanya, matandazo ya nyasi kavu kila shina ili unyevu usipotee, na majani muachie mkeo na mama yake, wao wanajua wateja. Sehemu iliyobaki subiri masika upande maharage. Pampu usinunue kwanza. Mifereji mingine kamati haitaki mtu avute maji kwa mashine, na wewe ni mkwe, ukianza na ugomvi wa maji utawaaibisha waliokupa ardhi. Nenda kwenye kikao cha kamati ukiwa na shemeji yako, yeye ndiye aongee. Ukishajua zamu yako ni saa ngapi na ni kila baada ya siku ngapi, rudi hapa utuandikie, tutakupigia hesabu ya miche.